Simba mmoja, vitabu viwili: kisa cha Ylla na swali la nani mwandishi

Mwaka 1947 mtoto wa simba mmoja alitoka kwenye vitabu viwili. Kule New York kampuni ya Harper walitoa The Sleepy Little Lion, maneno kaandika Margaret Wise Brown, na kule Paris kikatoka Le Petit Lion, maneno kaandika Jacques Prévert. Hawa wawili hawakuandika pamoja wala kimoja sio tafsiri ya kingine, kila mtu kwake, kwa lugha yake na kwa hadithi yake. Kinachowaunganisha ni kwamba simba ni yuleyule na aliyempiga picha ni yuleyule, mwanamke aliyejiita Ylla, jina moja tu bila ubini. Huyu ndo nataka tumchambue leo kwa urefu kidogo, maana kisa chake kinagusa swali ambalo watu wa vitabu vya watoto wanalikwepa mno: kitabu kikiwa na picha kila ukurasa na maneno ya kuhesabika, mwandishi ni nani hasa?

Msimamo wangu nauweka mapema ili usinisubiri. Mwenye kamera ndo mwandishi wa kwanza, mwenye maneno ni wa pili. Ila kwa Ylla kuna jambo linaloikoroga hoja yangu mwenyewe, nalo ni kwamba namna yake ya kupiga picha ndo iliyowarahisishia wengine kumwekea maneno. Tutafika huko.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa Vienna tarehe 16 Agosti 1911, anaitwa Camilla Koffler, baba Mromania, mama mtu wa Croatia. Utotoni akapelekwa bweni Budapest, halafu 1926 akamfuata mama yake Belgrade, na huko ndo akaanza kusomea uchongaji wa sanamu chini ya mchongaji Petar Pallavicini. Jina la Ylla nalo lilizaliwa hukohuko, alikuta kwamba Kamila kwa Kiserbia ni ngamia, akaona hapana, nijiite kivingine. Mwaka 1931 akahamia Paris kuendelea na uchongaji pale Académie Colarossi, na kama ilivyo kwa kila mwanafunzi wa sanaa ugenini pesa ikawa tatizo, akaomba kazi studio kwa Ergy Landau, mpiga picha mwanamke aliyetokea Budapest.

Kazi aliyopewa haikuwa kupiga picha, alikuwa anaritachi, yani anarekebisha picha kwa mkono. Vijana wa sasa mnaosafisha chunusi kwa programu ya simu kwa sekunde tatu mnatakiwa mjue kazi hii ilikuwaje. Negativu, ile picha ya mwanzo ambayo peupe na peusi vimebadilishana, inawekwa kwenye meza yenye kioo, mwanga unatokea nyuma yake, wewe umeinama na penseli iliyochongwa ikawa kama sindano, unaweka nukta moja moja kwenye ule utando wa picha, pale unapoweka giza kwenye negativu ndo patakuja kuwa peupe kwenye karatasi, kwahiyo kichwa chako muda wote kinafikiria kinyume. Pakizidi giza unakwangua na kisu chembamba, ukikosea umeharibu sura ya mteja na hakuna kurudi nyuma. Mtu anayekaa miezi kwenye kazi hiyo anajifunza kitu kimoja vizuri sana, anajua mwanga unakaaje kwenye ngozi, kwenye shavu, kwenye kope. Changanya na miaka ya kuchonga sanamu, ambapo unajua umbo linazunguka vipi na uzito unakaa upande gani, hapo unapata jicho ambalo baadae likimwangalia paka linaona mabega na shingo na namna anavyokaa kabla halijaona manyoya.

Mwaka 1932 akaenda mapumziko Normandy akaanza kupiga picha wanyama wa shamba. Mwaka uliofuata tayari ana maonyesho yake ya kwanza na kafungua studio yake mwenyewe Paris. Ya wanyama. Yani wenye mbwa na paka zao wanakuja kupigiwa picha kama vile familia zinavyojipanga studio siku ya sikukuu, tofauti ni kwamba mteja haambiwi nyanyua kidevu wala angalia huku. Kipindi hichohicho akakutana na Charles Rado, aliyeanzisha wakala wa picha wa Rapho, jina lenyewe limetoka kwenye Rado na foto, na Ylla akawa mmoja wa wapiga picha wake wa mwanzo pamoja na huyohuyo Landau na Brassaï. Rado huyu mshikeni, maana ndo alibeba kazi za Ylla miaka mingi, mpaka baada ya mwenyewe kuondoka.

Hapa kuna suala la kiufundi ambalo bila hilo kisa hakieleweki. Kumpiga picha mnyama ndani ya chumba kabla ya hapo ilikuwa balaa, mkanda ulikuwa mzito kupokea mwanga, na ukitaka mwanga mkali wa ghafla unalipua unga wa magnesi, moshi mpaka darini, mbwa gani atabaki. Balbu ya flashi ilianza kuuzwa Ujerumani 1929, inawaka mara moja inakufa unaweka nyingine, haina moshi haina mlipuko. Kwahiyo Ylla anafungua studio yake wakati ambapo ndo kwanza inawezekana mtu kukaa karibu na mnyama chumbani akamkamata katikati ya kitendo, anapiga miayo, anageuza shingo, anainua mguu. Miaka kumi nyuma angefungua studio ya mbwa waliolala tu.

Na alisogea karibu kweli. Ukiziangalia picha zake za miaka ya 30 utakuta mnyama kajaa kwenye fremu, nyuma yake mara nyingi hakuna kitu, pazia au ukuta mweupe, hakuna kiti hakuna dirisha hakuna mtu. Mtoto wa mbwa anakuangalia basi. Hayuko Paris, hayuko London, hayuko mwaka 1935. Hili ndo lile nililosema linaikoroga hoja, kwasababu picha isiyo na mahali wala saa haikatai maneno. Ukiandika kwamba huyu mbwa kafiwa, itakubali. Ukiandika kwamba anamsubiri mama, itakubali pia.

Wachapishaji waliliona hilo mapema. Mwaka 1937 vitabu vyake vya mbwa na paka vikatoka, na 1938 kikaja kitabu ambacho mpaka leo nakiona cha ajabu, Animal Language, cha Julian Huxley, mwanabiolojia ambaye wakati huo alikuwa katibu wa Jumuiya ya Zoolojia ya London, yule ambaye baadae akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Kitabu kinakuja na santuri za sauti za wanyama zilizorekodiwa na Ludwig Koch. Unaweka sahani kwenye gramafoni unasikia mnyama ananguruma huku unaangalia picha ya Ylla. 1938 hiyo wadau, na sisi tunadhani vitabu vyenye sauti ni mambo ya leo.

Halafu vita. Ujerumani ikaingia Paris Juni 1940. Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalipeleka jina lake Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuombea viza, na 1941 akafika New York. Akafungua studio tena. Mtu ana miaka 30, keshaishi Vienna, Budapest, Belgrade, Paris, na sasa anaanza lugha nyingine. Mimi hapa huwa najiuliza kama ndo sababu alipenda kitabu ambacho sehemu kubwa ya kazi inafanywa na picha, ila hiyo ni hisia yangu tu msinishike nayo.

New York ndo akakutana na Margaret Wise Brown, na huyu alikuwa mtu wa vitabu vya watoto haswa, ana sikio la ajabu kwa namna mtoto mdogo anavyosikia sentensi. Mwaka 1944 wakatoa They All Saw It. Ukikichambua kitabu hiki unaona mfumo mzima wa kazi yao ya pamoja. Picha ni za wanyama tofauti tofauti, kila mmoja na sura yake, na Brown anazifunga kwa kamba moja, kwamba kuna kitu, na wote wamekiona. Hizo picha hazikuwa na uhusiano wowote hadi aliyeandika alipozipa kitu kimoja cha kuangalia. Hapa nakubali kabisa maneno yamefanya kazi kubwa, na kama kisa kingeishia 1944 ningesema Brown ndo mwandishi, tumalize twende.

Ila njoo sasa kwenye simba wa 1947.

Tofauti ya kwanza, hapa mnyama ni mmoja kitabu kizima. Tofauti ya pili, ana tabia. Kasimba kanatoka kwenda kuiona dunia, kanakutana na wanyama wengine wadogo na mtoto wa mtu, na kila kakifika mahali usingizi unakachukua. Sasa jiulize, huo usingizi kautunga nani? Brown hakumlaza yule simba. Amelala kwenye picha. Mtoto wa simba ni kama mtoto wa paka, sehemu kubwa ya siku ni kulala, na mpiga picha mvivu angesubiri aamke ndo abonyeze. Ylla alibonyeza akiwa anapiga miayo, akiwa macho yanafumba, akiwa kichwa kinadondoka, na huo mfululizo wa macho kufumba na kufumbua ndo hadithi yenyewe, ina mwanzo na mwisho hata ukizifunika sentensi kwa kiganja. Nenda kijaribu na mtoto wa miaka mitatu ambaye hajui kusoma, atakusimulia mwenyewe.

Brown alichofanya, na alikifanya kwa ustadi, ni kuupa usingizi ule jina na mdundo. Na kumbuka mwaka huohuo 1947, Harper haohao, alitoa Goodnight Moon, kitabu kizima cha kumuaga kila kitu chumbani kabla ya kulala. Mwaka ule Brown alikuwa kwenye usingizi kikazi, kwahiyo alipowekewa mezani picha za simba anayesinzia aliona alichokuwa anakitafuta.

Prévert alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Mshairi, kitabu chake Paroles kimetoka mwaka mmoja kabla na kimeuzwa kama njugu, mwandishi wa filamu, anawakejeli maaskofu na majenerali na walimu, na ana jambo lake na vizimba. Shairi lake la namna ya kuchora ndege linaanza na kuchora kwanza kizimba, mlango ukiwa wazi. Mpe mtu huyo picha za mtoto wa simba. Angalia hata jalada tu: la Brown linasema simba mdogo mwenye usingizi, la Prévert linasema simba mdogo, nukta, usingizi umeondoka kwenye jina. Kule Marekani ukimfungulia mtoto kitabu umeshaambiwa kabla cha kutazama ni macho yanayofumba, kule Ufaransa unaambiwa tu huyu hapa simba, na ni mdogo, ukubwa atakuja nao mwenyewe. Miaka mitatu mbele, 1950, Prévert na Ylla walirudi tena na Des bêtes, kwahiyo ushirikiano haukuwa wa bahati.

Hitimisho langu la sehemu hii, ukiwa na waandishi wawili wakubwa wa lugha mbili, wenye tabia zinazogongana, na wote wanasimamia mfululizo wa picha za mtu mmoja na wote vitabu vyao vinasimama, basi kinachosimamisha sio wao. Maneno yamebadilishwa kitabu kikabaki. Jaribu kubadilisha picha uone kama kitabaki.

Na bado leo mtu akitafuta kile kitabu cha Marekani mara nyingi atakipata kupitia jina la Brown. Hii hali ipo kila mahali hata huku kwetu, mchoraji wa kitabu cha mtoto jina lake liko ukurasa wa ndani kwa herufi za chungu, kalipwa mara moja, mwandishi ndo wa mrabaha. Na kuna mfano unaotuhusu kabisa. Mwaka 1958 kilitoka Sweden kitabu cha picha kuhusu mtoto wa kike anaeishi Kilimanjaro, Sia bor på Kilimandjaro, maneno ya Astrid Lindgren, mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto wa Sweden, picha za Anna Riwkin-Brick. Mtoto wa Kichagga, migomba, mlima, wakati huo Wachagga bado wana Mangi Mkuu, Thomas Marealle, na Tanganyika bado haijapata uhuru. Aliyemtazama yule mtoto kwa lensi ni Riwkin-Brick, mzaliwa wa Urusi aliyekulia Sweden, ambaye miaka hiyo alikuwa anatengeneza kitabu baada ya kitabu cha mtoto wa nchi fulani, kuanzia kabinti ka Wasami kaskazini ya Sweden mwaka 1951. Sasa taja hilo jina mbele ya watu kumi uone wangapi wanalijua, halafu taja la Lindgren.

Turudi kwa Ylla, maana kuanzia hapa kazi yake inageuka.

Mwaka 1952 akaja Afrika. Mpaka hapo wanyama wake walikuwa wa studio, wa shamba, wa bustani za wanyama, yani wanyama ambao mtu kawaleta au kawafungia. Sasa kwa mara ya kwanza mnyama yuko kwake na mpiga picha ndo mgeni. Kitabu kilitoka 1953, Animals in Africa, na safari hii aliyeandika maneno hakuwa mshairi, ni Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, mtu wa mabaki ya kale na mkuu wa jumba la makumbusho la Coryndon pale Nairobi. Na angalia wakati, Oktoba 1952 hali ya hatari imetangazwa Kenya, na mwisho wa mwaka Leakey huyuhuyu yuko Kapenguria ni mkalimani kwenye kesi ya Kenyatta mpaka upande wa utetezi ulipomkataa. Jina lake linakaa kwenye kesi ile na kwenye kitabu cha twiga na tembo kwa pamoja. Historia yetu ina makona.

Kwa nini Leakey na sio Prévert? Mimi naona jibu liko ndani ya picha zenyewe. Tembo akiwa porini nyuma yake kuna nyasi, kuna mti, kuna vumbi, kuna kundi, kuna mwelekeo wa jua. Picha sasa ina mahali. Na picha yenye mahali haikubali kila neno, huwezi kuandika chochote kinachokujia kichwani ukiwa Paris, anatakiwa mtu anayejua yule mnyama anafanya nini pale na kwanini saa ile. Kwahiyo kadiri Ylla alivyotoka nje ya studio ndivyo alivyowapunguzia watu wa maneno uhuru. Sijui kama alipanga hivyo, ila mwelekeo unauona wazi.

Novemba mwaka huohuo 1952 Margaret Wise Brown alifariki Nice, Ufaransa, ghafla baada ya upasuaji, ana miaka 42. The Duck, kazi yao nyingine ya pamoja, ilitoka 1953 yeye hayupo.

Halafu 1954 ikatoka Two Little Bears, na toleo la Kiingereza jalada lina jina moja tu, Ylla. Watoto wawili wa dubu, mama yao anaondoka kwenda kutafuta asali anawaambia msiende mbali, wanaenda mbali, wanapotea, wanazunguka wakiuliza wanyama wengine, mama anapatikana. Basi. Hadithi ambayo kila bibi duniani ana toleo lake. Ila kaa nayo kidogo. Kwanza wako nje, kwenye majani, kwenye miti, mahali pamekuwa sehemu ya hadithi. Pili, hadithi hii haiwezi kuwa imeokotwa kwenye lundo la picha, ina safari, ina kukutana kumoja baada ya kwingine, mtu alikaa akapanga kwamba nataka dubu na huyu mnyama, halafu dubu na yule, na mwisho nataka warudi. Kichwa kimetangulia kamera. Sentensi zake ni fupi na za kawaida mno ukilinganisha na Brown, hazina muziki ule, na kuna mkosoaji atasema kikazi zimepungua. Mimi nasema hazikutakiwa kubeba mzigo, mzigo uko kwa dubu, na mtu aliyeandika alijua hivyo kwasababu ndo yeye aliyewapiga picha. Sentensi ikiwa imeshasemwa na picha anaiacha. Mwandishi wa kukodi hawezi kuthubutu kuacha, analipwa kwa maneno.

Nisiwe mnafiki pia, kuna upande ambao msomaji wa leo utamkera. Hawa ni watoto wa wanyama pori walioletwa mbele ya kamera ili wacheze hadithi ya binadamu. Simba hakai na paka na mtoto wa mtu kwa hiari yake, na dubu hatafuti ushauri kwa wanyama wa shamba. Vitabu hivi vilifundisha kizazi kizima kwamba mnyama mkali ni rafiki wa kukumbatia, na haya mambo ya watu kufuga simba majumbani wapate picha za mtandaoni yana mizizi mirefu kuliko simu. Utetezi pekee ninaoweza kumpa ni kwamba mwenyewe aliondoka kwenye hiyo njia. Angeweza kukaa New York akapiga picha watoto wa simba hadi uzee na angeuza. Akaenda alipo mnyama.

Na kule ndiko kulikomuua, na kwa namna inayoendana na kazi yake mpaka inatisha. Alikuwa ameshafika India mara ya kwanza 1954. Mwaka uliofuata akarudi, na mwezi Machi yuko Bharatpur, Rajasthan, kwenye sherehe zenye mashindano ya mikokoteni ya maksai. Akakaa juu ya boneti la jipu ili awe karibu na wale maksai wakiwa kasi. Akaanguka. Akafariki tarehe 30 Machi 1955, ana miaka 43.

Ukiuchambua kama ajali ya kazini, kosa ni kukaa kwenye boneti, kila dereva wa utalii pale Arusha angekwambia shuka mama. Ila kumbuka mtu huyu miaka 22 nzima dawa yake ilikuwa moja tu, sogea. Studio ukisogea gharama ni kukwaruzwa. Bustani ya wanyama ukisogea kuna vyuma katikati. Porini na kwenye mashindano mnyama hasimami akusubiri, kwahiyo ukitaka ule ukaribu uleule lazima na wewe uwe kwenye mwendo, na hapo ndipo bei inapopanda. Alikuwa na jicho la studio kwenye uwanja wa mbio. Lensi ndefu zilikuwepo, angeweza kupiga kwa mbali, ila picha ya mbali ingekuwa picha ya mtu mwingine.

Kilichofuata baada ya kifo ndo kinanirudisha kwenye hoja. Mwaka 1956 kikatoka The Little Elephant, tembo mdogo wa India, maneno ya Arthur Gregor, mshairi ambaye naye alizaliwa Vienna na naye akakimbilia Marekani. 1958 Animals in India. 1960 Polar Bear Brothers, maneno ya Crosby Newell, na huyu aliendelea kuandikia picha za Ylla miaka ya 60 yote, anachukua negativu za zamani anazipanga upya anaziwekea maneno. Yani mtu kafariki na bado anatoa vitabu vipya vya watoto kwa zaidi ya miaka kumi. Mwandishi wa maneno akifa na daftari likaisha basi limeisha. Mwenye picha akifa kila anayekuja anaweza kumfanya aseme jambo jipya, hawezi kukataa wala hawezi kusahihisha. Ni uhai wa namna yake, sijui kama angeupenda.

Na mmoja wa waliomfanya aseme jambo jipya alikuja kufanyia kazi hiyo Tanganyika. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Hatari! ya Howard Hawks, John Wayne ndani yake, wanakamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama, imepigwa huku kaskazini pande za Arusha. Mle ndani kuna mpiga picha mwanamke, kacheza Elsa Martinelli, anafika kambini na kamera zake, anarushwarushwa nyuma ya gari kwenye msako wa kwanza, baadae anaishia kulea tembo watoto watatu ambao wanamfuata mpaka mjini. Hawks alisema mhusika yule alimtoa kwa Ylla. Angalia walichokifanya: jipu lipo, kasi ipo, mwanamke mwenye kamera juu ya gari yupo, tembo wadogo wapo, ila ajali imegeuzwa kichekesho, na mwisho kamera imewekwa pembeni anaolewa na kiongozi wa wawindaji. Mkimaliza filamu hesabuni wenyewe ni picha ngapi alizopiga yule dada ambazo tulionyeshwa.